Ziwa Lilistahimili, Udongo Haukustahimili: kisa cha pipa la maji ya betri, Mwanza

Pipa la plastiki lililokaa juani muda mrefu lilipasuka usiku katika yadi ya fundi betri upande wa Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mvua za vuli bado hazijaanza. Ndani ya pipa mlikuwa na maji ya betri, yaani asidi ya salfuriki iliyomiminwa kutoka kwenye betri mbovu, nayo yaliteremka kuelekea bustani za mboga na kijito kinachoingia ziwani. Wiki hiyo swali moja lilizunguka, kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa hadi mwaloni wanakotua wavuvi: je, ziwa limeingia sumu?

Waliokuja kupima walichota maji ya ziwa, wakatumbukiza kipimo, wakakuta hali ya kawaida, wakaondoka. Kipimo chao kilisema kweli. Tatizo ni mahali walipokitumbukiza. Asidi kali huharibu kile inachokutana nacho kwanza, na katika mteremko ule ilikutana kwanza na udongo mwepesi wa mlimani wenye bustani na kisima. Ziwa lilipata mabaki tu. Nilishirikishwa kwa sababu kazi yangu ni udongo, na tangu siku ile nimekuwa nikiwasikia watu wazima, wengine wasomi, wakimshauri fundi huyu na wenzake kwamba maji ya betri yamwagwe ardhini, mbali na ziwa, "yaishie huko". Ushauri huo ndio ulionifanya niandike kisa hiki kwa urefu. Majina ya watu na ya mtaa nimeyaacha, maana fundi na mwenye bustani wataendelea kuwa majirani.

Yadi iko juu

Anayeijua Mwanza anajua sura ya mahali hapo: majabali ya granaiti yamepandana juu, nyumba katikati yake, chini bonde lenye matete, halafu ziwa. Yadi ya fundi iko juu. Betri zinamfikia kutoka pande zote: magari, bodaboda, sola za majumbani, na kwa wingi kutoka kwa wavuvi wa dagaa, ambao siku za giza huwasha taa za umeme wa betri majini mahali ambapo zamani ziliwaka karabai. Betri ikifa, fundi hulipasua kasha, hutoa metali ya risasi akaiuza kwa kilo, na plastiki nayo ina mnunuzi wake. Maji yake ndiyo yasiyo na mnunuzi wa maana. Kidogo huuzwa tena kwa watu wanaotaka kujaliza betri zao, mengine hujaa pipani.

Kadiri fundi alivyoweza kukumbuka, lile pipa lilikuwa na lita 60 hivi. Nataka msomaji akae na namba hii, kwa kuwa hesabu nzima ya kisa inatoka hapa.

Betri mpya iliyochajiwa huwa na asidi ya salfuriki ya asilimia 35 hivi kwa uzito. Betri iliyokufa ina asidi dhaifu zaidi, kwa sababu sehemu ya salfeti imeshahamia kwenye sahani za risasi. Tukikadiria gramu 200 za asidi katika kila lita, lita 60 zinabeba kilo 12 za asidi halisi. Maji yenye asidi ya kiasi hicho yako chini ya pH 1. pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Mtu asidanganyike na neno "dhaifu": ndimu, ambayo ulimi unaikunjia uso, iko karibu na pH 2, na kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10.

Alfajiri fundi aliona pipa limelala, akafanya ambacho wengi wangefanya. Alifungua bomba akamwagia maji hadi mchana. "Mtaalamu, niliyamwagia maji mengi, nikajua nimeyaua," aliniambia. Alikuwa anasema kweli, na nia yake ilikuwa njema. Lakini maji peke yake hayaui asidi, yanaisambaza. Ili kilo 12 za asidi ya salfuriki zifikishwe pH 4 kwa maji matupu kama ya mvua, zinahitajika lita milioni 2 na nusu hivi, yaani maboza 245 ya lita 10,000. Kazi hiyo hiyo inafanywa na kilo 12 za chokaa ya kilimo, mzigo ambao kijana anaubeba begani. Bomba la fundi lilichukua asidi iliyokuwa imekaa kwenye doa dogo chini ya pipa, likaivuta kuteremka hadi ikachora ulimi wa kama meta 10 kwa 2 ndani ya bustani.

Kwa nini ziwa halikushtuka

Nianze na upande wa maji, kwa kuwa ndio rahisi.

Maji ya Ziwa Victoria yana baikaboneti, kwa makadirio miligramu 60 katika kila lita. Baikaboneti huipokea haidrojeni ya asidi, na matokeo yake ni maji na kaboni dayoksaidi inayotoka hewani. Kwa kiasi hicho, kilo zetu 12 zote zingemaliza baikaboneti ya lita 250,000 hivi za maji ya ziwa. Ni sawa na kipande cha ufukwe cha meta 25 kwa 10 chenye kina cha meta 1. Kwa ziwa lenye kilometa za mraba 68,800 hilo halionekani. Upepo wa mchana unalichanganya na maji ya nje kabla ya jioni.

Lakini ni vibaya kutoka hapo na kusema ziwa letu ni imara. Ziwa Victoria lina kinga ndogo dhidi ya asidi kwa sababu sehemu kubwa mno ya maji yake inatoka moja kwa moja kwenye mvua, na maji ya mvua yana chumvi kidogo. Ziwa Tanganyika lina kinga ya kama mara 6 ya hiyo. Linalotuokoa sisi ni wingi wa maji, na wingi huo hausaidii mahali ambapo maji ni machache: kijitoni, kwenye vidimbwi vya matete, kwenye kona za ghuba ambako vifaranga vya sato hujificha na kambale huingia kutaga mvua zikianza. Hapo lita 250,000 ni kila kitu kilichopo. Maji yakishuka chini ya pH 5 mayai ya samaki wengi hayaanguliwi, na alumini iliyoyeyushwa kutoka udongoni huganda kwenye mashavu ya samaki wadogo wakakosa pumzi. Mkupuo wa namna hiyo unaweza kupita kijitoni kwa saa chache usiku, na anayefika asubuhi na kipimo chake asikute chochote.

Kuna na jambo lingine ambalo watu wanaopima ufukweni Mwanza wanapaswa kulijua. Ghuba yetu ina mwani mwingi. Mchana jua likiwaka, mwani hunyonya kaboni dayoksaidi kutoka majini, na pH hupanda, mara nyingine ikapita 9. Usiku hushuka. Kwa hiyo pH ya saa 7 mchana peke yake haisemi lolote kuhusu asidi iliyoingia jana. Kipimo kinachofaa ni kile cha baikaboneti iliyobaki, ambacho hufanywa kwa kudondoshea asidi ya kiwango kinachojulikana hadi rangi ibadilike. Ni kazi ya dakika 10 katika maabara yoyote ya sekondari yenye bureti, ile neli ya kudondoshea kwa kipimo. Sijawahi kuelewa kwa nini tunaendelea kuandika pH tu kwenye fomu zetu.

Luseni

Sasa nije palipo na uzito.

Wasukuma wameugawa udongo wao kwa majina yanayoeleza mteremko mzima. Juu, karibu na majabali, kuna luseni, mchanga mwepesi uliotokana na granaiti iliyooza. Chini yake kuna itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Pipa lilipasukia kwenye luseni, na kwa asidi hakuna udongo mbaya zaidi kuliko huo.

Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, na juu yake hushikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, chakula cha mmea. Asidi ikiingia, haidrojeni inakaa mahali pa kalsiamu na wenzake, nao huondoka na maji. Udongo wenye nafasi nyingi unaweza kupokea haidrojeni nyingi kabla haujaishiwa. Luseni ina mfinyanzi kidogo na mboji kidogo, hivyo nafasi zake ni sentimoli 3 hadi 5 tu za chaji kwa kila kilo ya udongo (sentimoli ni kipimo cha kemia cha kuhesabu chaji hizo). Mbuga hufika 40, mara nyingine na zaidi, na mara nyingi huwa na vijiwe vya chokaa juu ya hayo.

Chukua ule ulimi wa meta 10 kwa 2, na kina cha sentimeta 20 ambako mizizi ya mchicha inaishi. Ni tani 6 za udongo. Gawanya kilo 12 za asidi kwa tani hizo: unapata sentimoli 4 kwa kila kilo. Maana yake pipa moja lilikuwa na asidi ya kutosha kukomba karibu kila chembe ya chakula iliyokuwa imeshikwa na udongo ule. Lingepasukia mbugani, asidi ile ile kwenye eneo lile lile ingechukua sehemu 1 tu kati ya 10 ya nafasi, na huenda mwenye shamba asingejua kamwe. Ndiyo maana nasema mtu asikuambie kiasi cha asidi kilichomwagika kabla hajakuambia kimemwagika kwenye udongo gani.

Mwenye bustani alishaligundua hilo kabla yangu, kwa macho yake. Nilipomsalimu na kumwomba anionyeshe, alisema: "Marahaba mwanangu. Hii siyo kiu. Mchicha wenye kiu ukiumwagilia jioni, asubuhi umesimama. Huu nimeumwagilia, ukazidi kulala." Hakuna maelezo bora ya kitaalamu kuliko hayo. Kila ndoo aliyomwagia ilikuwa inaishusha asidi kutoka juu ya ardhi hadi kwenye mizizi. Tukang'oa miche kadhaa. Ile iliyokuwa karibu na yadi ilikuwa imeungua tu, mizizi laini, rangi ya chai. Ile ya ncha ya ulimi, mbali zaidi, ilikuwa bado hai, lakini mizizi yake ilikuwa mifupi, minene, bila vinyweleo, ncha zimekuwa za kahawia. Hiyo ni alama ya alumini.

Alumini imo katika kila udongo wa mfinyanzi, imefungwa ndani ya madini, haimdhuru yeyote. pH ikishuka chini ya 5.5 huanza kufunguka, na chini ya 5 huwa nyingi kiasi cha kusimamisha ukuaji wa ncha za mizizi. Mmea unakosa maji ukiwa umesimama kwenye unyevu. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, mmea ukaikosa hata ukiweka mbolea. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti hupunguza kazi, na wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharage hushindwa. Nyungunyungu huhama au hufa. Haya yote hayatokei siku moja, ndiyo maana bustani iliendelea kupoteza mche mmoja mmoja hata baada ya karatasi ya kupimia kuonyesha kwamba nguvu ya asidi ya juu ya ardhi imekwisha.

Kisha kuna njia ya maji chini ya ardhi. Mvua au maji ya bomba yakizama kwenye luseni hayasimami mpaka yakutane na jabali au lile tabaka gumu la itogolo, halafu hutembea kwa ubavu na kuchomoza pale mchanga unapoishia. Mstari huo wa uchomozi ndio wenye unyevu kiangazi chote. Watu hawakuweka bustani na visima hapo kwa bahati: wazee walipajua. Kwa hiyo asidi inayomwagwa juu, "mbali na ziwa", inasafiri chini kwa chini na kuibuka mahali pale pale watu wanapochota maji na kulima mboga. Tulipofika kisimani, karatasi ilionyesha maji yameshaanza kushuka kuelekea asidi, ingawa hakuna aliyeona tone likiingia. Mwenye bustani alikubali kukifunga siku hiyo hiyo. Sampuli nilishauri zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana maabara ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, kwa kuwa karatasi haiwezi kuona kilichokuwa kinanitia hofu zaidi.

Kilichokuja na asidi

Hofu hiyo ni risasi. Kila aliyezungumza nami alizungumzia tindikali, kwa sababu inaunguza nguo na inajulikana kwa ubaya wake. Lakini asidi ya salfuriki ikishakutana na chokaa inakuwa jasi, kitu kile kile kinachotumika kwenye dari za nyumba, na habari yake inaishia hapo. Risasi haiishi. Chini ya kila pipa la maji ya betri kuna tope la kijivu, mchanganyiko wa salfeti na oksaidi za risasi zilizomomonyoka kutoka kwenye sahani. Salfeti ya risasi huyeyuka kwa shida sana, takriban miligramu 40 kwa lita. Inasikika kama kidogo, hadi ukumbuke kwamba kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01, na kwamba shirika hilo hilo linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Asidi na risasi zinasaidiana. Katika udongo usio na asidi, risasi hukaa mahali ilipoangukia, imeshikwa na mboji, fosfeti na oksaidi za chuma. Asidi hulegeza vifungo hivyo. Kwa hiyo kuondoa asidi mapema ni njia ya kuizuia risasi isishuke kisimani, hata kama haiondoi risasi yenyewe. Na jambo hili linadumu: mkulima akiponya udongo kwa chokaa leo, halafu kwa miaka kadhaa akaweka mbolea ya SA (salfeti ya amonia) peke yake, mbolea hiyo inazalisha asidi kidogo kidogo, na risasi iliyokuwa imetulia inaanza kuamka.

Mboga za majani kwa kawaida hazinyonyi risasi nyingi hadi juu. Hatari yake kubwa ni vumbi na tope linaloganda kwenye majani ya chini, na mikono ya watoto wanaocheza hapo na kuitia mdomoni. Afrika Mashariki tunao mfano uliolipiwa kwa gharama kubwa: Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Yadi ya fundi wetu haiyeyushi risasi wala haina moshi, na singependa afananishwe na kiwanda. Lakini tope la pipa lake ni risasi ile ile.

Na wapo walionitajia North Mara, mgodi wa dhahabu, wakitaka kujua kama hili ni jambo moja na lile. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi huo yakaingia Mto Tigithe, ambao maji yake hufika Mto Mara na hatimaye Ziwa Victoria. Tofauti ni kwamba asidi ya mgodini inazaliwa na mwamba wenyewe: pairiti, madini ya chuma na salfa, ikifukuliwa na kukutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki mvua baada ya mvua, kwa miaka mingi. Asidi ya pipa ina mwisho. Ukiijua hesabu yake unaweza kuimaliza, na ndiyo sababu nilikasirika kuona siku za mwanzo zinapotea kwenye kubishana kuhusu ziwa.

Tulichofanya kabla ya vuli

Mvua zilikuwa njiani, hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kuziba njia. Vijana wa mtaa walijaza viroba vya mchanga wakaweka mkingamo chini ya ulimi na kuchimba mfereji mdogo juu yake ili maji ya mlimani yapite pembeni. Bomba lilifungwa. Doa la chini ya pipa, lenye tope la kijivu, lilifunikwa turubai.

Doa hilo halikutiwa chokaa likaachwa. Lilichimbwa. Udongo wake ulitiwa kwenye viroba viwiliviwili vyenye nailoni ndani, ukawekwa chini ya bati juu ya sakafu. Hapa palikuwa na ubishi, kwa kuwa fundi alishaanza kuubeba kwa toroli akautupe korongoni, na korongo hilo ndilo linaloingia kijitoni. Waliochimba walivaa glavu na mabuti, na nguo zao hazikuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba zenye watoto.

Sehemu iliyobaki ya ulimi ilitiwa chokaa. Hesabu inasema kilo 12 zinatosha, lakini chokaa ya kilimo ina chembe nene zinazochelewa kuyeyuka, kwa hiyo tulikadiria mara mbili yake, kilo 25, ikachanganywa kwa jembe hadi sentimeta 20, ikanyunyiziwa maji kidogo tu. Wengine walitaka tumimine mfuko mzima wa kilo 50, "ikae kabisa". Nilikataa. Luseni isiyo na nafasi nyingi hupaa haraka kama ilivyoshuka, na pH ikipita 7 zinki na madini mengine madogo hufungwa, ukawa umebadilisha ugonjwa. Asiyepata chokaa anaweza kutumia majivu ya kuni, akijua nguvu yake haina uhakika na kwa kawaida ni nusu ya chokaa au pungufu. Magadi nayo huua asidi haraka, lakini sodiamu yake huharibu umbile la udongo, na shambani nisingeishauri. Kwenye sakafu ya karakana inafaa sana.

Juu ya chokaa iliwekwa samadi iliyooza, debe kwa debe. Chokaa inarudisha kalsiamu, lakini magnesiamu, potasiamu na mboji vilivyokombwa havimo ndani yake. Kama ningeruhusiwa kuchagua dawa moja tu kwa ajili ya udongo wa aina hii, pamoja na chokaa, ningechagua samadi, kwa sababu inaongeza zile nafasi zenyewe za kushikilia chakula, ambazo uhaba wake ndio uliofanya pipa moja lilete hasara yote hii.

Vuli ilipokolea, kingo za ulimi zilirudi kijani. Katikati, mchicha uliota lakini ukadumaa. Sampuli za udongo zilikwenda TARI Ukiriguru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kwa ajili ya pH na virutubisho, na nilimshauri mwenye bustani asipande chakula chochote kwenye ulimi huo hadi majibu ya risasi yatoke, hata mihogo. Mihogo ilipendekezwa na jirani kwa kuwa inavumilia udongo wa asidi, na ni kweli inavumilia. Ndiyo hatari yake, ingestawi vizuri na kukaa miezi ndani ya udongo wenye risasi. Kipande hicho sasa kina nyasi za kushika ardhi zisizolishwa mifugo. Matuta ya mboga yamehamia upande wa pili wa kisima, na maji ya kumwagilia yanatoka bombani, kwa gharama ambayo mama yule hakuwa nayo mwaka jana.

Yadini kumebadilika. Maji ya betri yanawekwa kwenye madumu madogo yenye mifuniko, kivulini, ndani ya beseni kubwa la plastiki linaloweza kubeba yote yakivuja. Fundi alitaka kujenga tu ukingo wa saruji. Nikamweleza kwamba asidi ya salfuriki inakula saruji, kwa hiyo sakafu yake ina nailoni nzito juu. Mfuko wa chokaa uko mlangoni. Betri mbovu ni taka hatarishi kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake, na anayezikusanya anahitaji kibali, jambo ambalo fundi alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote katika miaka yote aliyofanya kazi hiyo.

Viroba vya udongo wenye risasi bado vimo yadini. Kuvisafirisha hadi kwa mwenye kibali cha kuteketeza taka za aina hiyo kunagharimu zaidi ya anachopata fundi kwa mwezi, na ofisi niliyoiandikia ilijibu kwamba mwenye taka ndiye anayelipa. Kisheria ni sahihi. Nimewaandikia tena kuomba kituo kimoja cha pamoja ambako mafundi wote wa betri wa Nyegezi, Mkuyuni na Igoma wanaweza kupeleka maji na tope lao kwa zamu, na gari moja likayachukua yote kwa mkupuo mmoja. Nimeambatanisha hesabu ya kilo 12.